Anayesimulia ni nani?

Nikifungua riwaya ya kisayansi, sianzi kutafuta chombo cha angani wala silaha ya miale. Naanza kumtafuta anayesema. Nataka kujua ni nani, anaona kwa macho gani, anaogopa nini, na ni jambo gani liko mbele yake lakini hawezi kuliona. Vyombo vya angani nimeshakutana navyo vingi na vinafanana fanana. Ila msimulizi ambaye ni meli ya kivita yenye miili ya watu ishirini, au msimulizi ambaye ni kundi la mbu, huyo ukishamsikia, hadithi za kawaida zinakupwaya kwa muda.

Mapenzi haya yamekomaa nikiwa na wanafunzi. Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja nje kidogo ya Jiji la Dodoma, na Jumamosi asubuhi wale wanaopenda tunakutana kusoma. Tunakaa chini ya mwarobaini, maana ikifika Oktoba bati la madarasa linakuwa limeshachemka kabla ya saa nne, na kila mtu anakuja na jiwe lake la kukandamizia karatasi kwa sababu upepo wa Dodoma hauna subira. Vitabu ni vichache, aghalabu nakala moja tu niliyoipata kwenye vitabu vya mitumba au niliyomwagiza mtu aliyesafiri. Kwa hiyo nasoma kwa sauti kwa Kiingereza, kipande kwa kipande, kisha tunasimuliana upya kwa Kiswahili. Kazi inakwenda polepole, na nimeipenda hivyo hivyo. Ukisoma kimya unaweza kupita juu ya sauti ya msimulizi bila kuigusa. Ukisoma mbele ya watu lazima uamue. Huyu anaongea haraka au taratibu? Anajua kwamba anasikilizwa? Ana hasira, au amechoka tu?

Tulianza na kitabu kikongwe, Frankenstein cha Mary Shelley, kilichotoka 1818. Karibu wote walikuwa wanamjua yule kiumbe kupitia filamu na katuni, jitu linalonguruma na kutembea kwa kukakamaa. Kitabuni mambo ni mengine kabisa. Hadithi inaanza kwa barua za nahodha anayesafiri kwenye barafu ya kaskazini. Ndani ya barua hizo anaingia Victor Frankenstein, msomi aliyemuumba kiumbe huyo, na kusimulia yaliyompata, na ndani ya masimulizi ya Victor, katikati ya kitabu, kiumbe mwenyewe anachukua zamu ya kusema. Anaeleza alivyojificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini, akawa anawachungulia kupitia upenyo wa ukuta, akajifunza lugha kwa kumsikiliza mgeni aliyekuwa akifundishwa mle ndani. Anaongea kwa ufasaha kuliko binadamu wengi waliomo. Anachomwomba muumba wake ni mwenzi mmoja, wakaishi mbali na watu.

Msichana mmoja ambaye tangu mwanzo alikuwa haonyeshi huruma hata kidogo akasema kwa nguvu, "Si ampe tu huyo mke!" Mwenzake akamkumbusha kwamba huyo huyo anayeombewa mke ameua mtoto. Wakabishana kiasi kwamba ilibidi tusitishe kusoma. Mimi nilikuwa nimekaa nawatazama na nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu matukio hayakuwa yamebadilika hata moja. Mtoto William, mdogo wake Victor, alikuwa ameshauawa, na Justine, mtumishi wa nyumbani kwao, ameshanyongwa kwa kosa lisilo lake, na wote tulilijua hilo. Kilichobadilika ni zamu ya kusema. Aliyekuwa anasemwa sasa anasema.

Nimewasikia watu wakidai kwamba usimulizi wa namna hii ni mbinu ya kigeni, tena ya wasomi, isiyotuhusu. Sikubaliani nao. Mtoto wa Kiswahili anazoezwa jambo hili kabla hajajua kushika kalamu. "Nyumba yangu haina mlango." Ukisikia hivyo, akili inatoka mwilini mwako, inaingia ndani ya kitu kisicho na mlango, inapapasa kuta, inazunguka, mpaka ipate yai. "Kila niendako ananifuata." Kivuli. Kitendawili ni sauti ngeni iliyobanwa kwenye sentensi moja, na riwaya ninazozizungumzia ni vitendawili vya kurasa mia tatu. Tofauti ni kwamba kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji, unapewa jibu, mnaendelea na kingine. Riwaya haipokei mji. Utakaa ndani ya ile nyumba na mwenye nyumba mpaka mzoeane.

Kitabu kilichotukalisha kuliko vyote ni Flowers for Algernon cha Daniel Keyes. Kilianza kama hadithi fupi mwaka 1959, kikawa riwaya mwaka 1966. Msimulizi ni Charlie Gordon, mwanamume mwenye miaka 32, mfanya usafi kwenye kiwanda cha mikate, mwenye ulemavu wa akili. Wataalamu wanamfanyia upasuaji wa kumwongezea akili baada ya kuujaribu kwa panya anayeitwa Algernon. Kitabu kizima ni ripoti anazoandika Charlie kwa mkono wake. Za mwanzo zimejaa makosa ya tahajia na hazijui nukta inakaa wapi. Kadiri akili inavyopanda makosa yanapungua, sentensi zinarefuka, mpaka anafika kutumia maneno ambayo mimi mwenyewe nayatafuta kwenye kamusi. Hakuna msimulizi mwingine anayekuja kutuambia kwamba sasa Charlie amekuwa na akili. Tunaiona kwenye mwandiko.

Nilijua kwamba nikiyasoma yale makosa kwa Kiingereza yatapita hewani. Kosa la tahajia ya Kiingereza halimchomi mtu ambaye bado anahangaika na hiyo tahajia yenyewe. Tukaegemeza ubao mdogo kwenye shina la mti, tukajiuliza: mtu mzima wa huku kwetu, aliyejifunza kuandika kwa shida na anayejitahidi sana, angeandikaje ripoti yake ya kwanza? Walijua papo hapo. Angechanganya r na l. Angekata maneno yanayoungana na kuunganisha yanayoachana. Kijana mmoja akachukua chaki akaandika: "leo dakitari kaniambia niandike kira kitu nina cho fikiri. mimi nime furahi sana kwasababu nita kuwa na akiri." Wote wakacheka, wakamfahamu Charlie, kwa sababu kila mmoja ana mjomba au shangazi anayetuma ujumbe wa simu wa namna hiyo, na ni mtu anayempenda.

Tukaendelea Jumamosi kwa Jumamosi. Charlie akapanda, akawapita hata wale waliompasua. Akatambua kwamba wafanyakazi wenzake aliowaita marafiki walikuwa wakimfanya kichekesho miaka yote. Akatambua pia, kwa utafiti wake mwenyewe, kwamba akili aliyopewa itaondoka. Algernon anachanganyikiwa kwanza, kisha anakufa. Halafu ripoti zinaanza kushuka. Neno gumu linakosewa, alama za uandishi zinaanza kupotea, sentensi zinakatika. Tulipofika kurasa za mwisho tukaurudisha ubao, na yule yule kijana wa mwanzo akaanza kuandika. Alipofika kwenye "akiri", kwa r, hakuna aliyecheka. Herufi ilikuwa ile ile.

Nimeifikiria sana herufi ile. Daktari angetusimulia maisha ya Charlie, tungemhurumia tukiwa tumesimama mbali, kama watu wanaosoma taarifa. Lakini mwandiko ndio mlango pekee tuliopewa, kwa hiyo mwandiko unapoharibika ni mtu anayetuponyoka, tena mbele ya macho yetu, na yeye mwenyewe kufikia mwisho hajui vizuri amepoteza nini. Sisi tunajua. Pale msomaji anapojua zaidi ya anayemsimulia, na hawezi kumwambia, ndipo panaponiuma na ndipo ninapotaka kurudi kila mara. Siku ile tukikusanya viti, binti mmoja aliniambia kwamba babu yake huko Kongwa anaondoka hivyo hivyo, neno moja leo, jina la mtu kesho. Alisema siku zote amekuwa akimtazama babu kwa nje. Hajawahi kujiuliza huko ndani mambo yanasikikaje.

Hakuna somo la maadili ambalo lingemfikisha hapo.

Baada ya Charlie tulichukua kitabu kigumu zaidi, Ancillary Justice cha Ann Leckie. Kilitoka 2013 na kilizoa Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke, tuzo tatu kubwa za fani hii. Anayesimulia ni akili unde ya meli ya kivita inayoitwa Justice of Toren. Dola ya Radch inateka sayari, na miili ya mateka inaunganishwa na akili ya meli ili itumike kama askari. Kwa hiyo "mimi" wa hadithi ni meli iliyo angani na wakati huo huo ni askari ishirini walioko mjini chini. Ndani ya aya moja "mimi" yuko mlangoni kwa hekalu, "mimi" yuko doria mitaani, "mimi" anamhudumia luteni nyumbani kwake. Mara ya kwanza kichwa kinazunguka. Wanafunzi waliacha kabisa kufuata. Mmoja akauliza kama kitabu kimechapwa vibaya.

Kwa hiyo tukacheza. Niliwatawanya kiwanjani: mmoja getini, mmoja kwenye tangi la maji, mmoja jikoni kwa mpishi, mmoja kwenye dirisha la ofisi, wengine huku na kule. Kila mmoja aandike sentensi moja ya anachokiona sasa hivi, aanze na nafsi yake. Wakarudi, tukazikusanya, msichana mmoja akazisoma zote mfululizo kwa sauti yake peke yake: "Nimesimama getini, mlinzi anatengeneza redio. Nachota maji, ndoo imefika nusu. Nakohoa, moshi wa jikoni umenirudi usoni. Naona karani anapiga mhuri. Ndoo imejaa." Kimya kidogo, halafu mtu akasema, "Aaa, kumbe!" Tangu hapo hawakunihitaji tena kuwaeleza. Waliijua ile hali ya kuwa sehemu nyingi kwa pumzi moja.

Na kuna jambo ambalo nadhani wasomaji wa Dodoma wanalipata kirahisi kuliko wengine. Kikosi kile cha miili ishirini kinapenda kuimba. Kinakusanya nyimbo za kila sayari, na wakati mwingine vinywa vyake kadhaa vinaimba pamoja, kila kimoja na sehemu yake. Watoto hawa wamekulia kwenye kwaya na kwenye ngoma za Wagogo, ambamo sauti zinapandana na hakuna mwimbaji mmoja mwenye wimbo mzima. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliufikisha muziki huo kwenye majukwaa ya dunia, lakini hapa haukuhitaji jukwaa, uko kwenye misiba na harusi. Kitabuni inafika siku mawasiliano yanakatwa, na miili ile ghafla kila mmoja unabaki na kichwa chake. Na tunapokutana na msimulizi mwanzoni mwa kitabu, miaka 19 baada ya maafa yake, umesalia mwili mmoja tu, bado unaimba. Kijana anayeshika sauti ya nne kwaya ya kanisani kwao aliinua mkono. "Madam, ina maana anaimba sehemu yake tu, hizo nyingine anazisikia kichwani." Leckie hakumwandikia kijana wa Chamwino, lakini kijana wa Chamwino alimwelewa hadi mwisho. Hakuna binadamu aliyewahi kufiwa na nafsi zake kumi na tisa, na bado tuliukuta msiba huo tunaujua.

Vitabu vingine tumevipitia kwa haraka zaidi. The Old Drift cha Namwali Serpell, mwandishi wa Zambia, kilitoka 2019 na kikapata tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata. Ni historia ndefu ya familia tatu mpaka siku zijazo, na kati ya sura na sura wanaingia mbu wakisema kwa "sisi". Mwishoni wenyewe wanajiuliza kama ni wadudu kweli au ni mashine ndogo zinazoruka. Hapo wanafunzi walikasirika: mbu ametuua, na bado apewe nafasi ya kusema? Mimi nawatetea mbu wa Serpell. Katika historia ya eneo hili la Afrika, mbu aliwachagulia wakoloni mahali pa kujenga na mahali pa kuzikwa. Amekuwepo katika kila chumba na ameionja kila damu bila kuuliza ni ya nani. Shahidi gani mwingine ana sifa hizo? Katika kitabu hicho hicho yumo Edward Mukuka Nkoloso, mtu wa kweli, ambaye mwaka 1964 alikuwa akiwafundisha vijana wa Zambia kwenda mwezini kwa kuwaviringisha kwenye pipa mlimani. Watoto walidhani huyo ndiye aliyebuniwa.

The Fifth Season cha N. K. Jemisin, cha 2015, kilileta ubishi wa aina nyingine. Sehemu moja ya kitabu inamwambia mhusika mkuu, Essun, "wewe": wewe umefanya hivi, wewe umeona vile. Wengi wanaona ni madoido. Nilipoisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, niliisikia sauti ya marehemu bibi yangu. Hivyo ndivyo wazee wanavyokusimulia utoto wako usioukumbuka: "Ulikuwa mdogo, ulikuwa huachi kulia, mama yako yuko shamba, nikakufunga mgongoni tukaenda." Anayekuita "wewe" namna hiyo ni mtu aliyekuwepo, na anakurudishia maisha yako. Nikawaambia wanafunzi watafute ni nani aliyekuwepo. Anayesimulia yumo kitabuni, amekuwa akitembea na Essun muda wote, na ana sababu yake ya kumwambia. Walipomjua, "wewe" haikuwa madoido tena.

Sasa niseme na yale yasiyonipendeza, maana nimesoma mengi. Kuna riwaya ambazo msimulizi wake ni roboti kwa jina tu. Mwandishi anampa sauti kavu, anamnyima utani, kila baada ya kurasa mbili anamtajia betri, halafu anamwachia awaze na kuona vile vile anavyowaza na kuona mwandishi mwenyewe. Ugeni wa sauti hauko kwenye mapambo ya maneno. Uko kwenye kile ambacho msimulizi anakigundua kwanza akiingia chumbani, na kile ambacho hakigundui kabisa. Klara wa Kazuo Ishiguro, roboti anayesimulia Klara and the Sun cha 2021, anaongea kwa adabu na lugha nyepesi kuliko msichana yeyote wa kidato cha pili. Lakini yeye anapata nguvu zake kutoka kwa jua, kwa hiyo anaamini jua ni jema kwa kila mtu, linaweza kuponya, linaweza kuombwa. Na mambo yakimzidi, anachokiona kinagawanyika vipande vya mraba. Imani yake inafuata moja kwa moja kutoka kwenye mwili wake. Sisi tunaoishi chini ya jua la Dodoma, na paneli juu ya paa, tulimwona ana mantiki kabisa.

Na hata kwa Kiswahili tusijifanye maskini. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1990, Mzingile 1991, na sijaona riwaya ya Kiingereza inayomtupa msomaji mbali zaidi na usimulizi wa kawaida kuliko hizo mbili. Siziiti za kisayansi, lakini mtu aliyezisoma kwa uvumilivu hatishwi na meli inayosema "mimi".

Faida yote hii niliiona wazi siku wanafunzi walipoanza kuandika vya kwao. Shule ya msingi wote waliwahi kuandika ile insha ya "Mimi ni noti ya shilingi elfu moja". Ni zoezi zuri, ila noti ile huwa na akili za mtoto wa darasa la sita: inaona njia, inasikia mazungumzo ya dukani, inahuzunika ikichanika. Nikawauliza: noti ya kweli ingejua nini? Wakafikiri. Giza. Joto la mfukoni. Jasho la kiganja. Mkunjo. Basi, nikasema, andikeni hadithi ya wakati ujao, msimulizi asiwe mtu, na asijue chochote ambacho mwili wake haumwezeshi kujua.

Kijana mmoja anayetoka kijiji cha Bahi aliandika kuhusu pampu ya mkono ya kisima cha kijiji. Katika hadithi yake pampu imefungwa akili unde, kazi yake ni kuhesabu mivuto na kupeleka taarifa ikikaribia kuharibika. Haina macho wala masikio. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mama aliyevaa kanga nyekundu, na wenzake wakamrukia: kanga ameionaje? Akaifuta. Wakamwuliza kama pampu inajua maji yake yana chumvi. Alikaa na swali hilo mpaka wiki iliyofuata, akarudi na sentensi ambayo ningejivunia kama ningeiandika mimi: pampu inaijua chumvi kwa kutu inayomla viungo vyake.

Kwa hiyo pampu yake inawajua watu kwa mkono tu. Yupo inayemwita Mvuto wa Alfajiri, anayekuja wa kwanza, anayevuta kwa mwendo mrefu usiobadilika, madumu manne bila kupumzika. Ipo Mivuto Mifupi, ambayo sisi tunaelewa ni watoto wanaoning'inia kwenye mpini. Hadithi inakwenda. Mvuto wa Alfajiri anaanza kupumzika baada ya dumu la pili. Kisha baada ya la kwanza. Kisha anakuja saa mbili badala ya alfajiri. Siku moja mpini unavutwa na mikono miwili ya nguvu tofauti, mmoja mzito unaochoka, mmoja mwepesi unaosukuma kwa haraka. Inakuwa hivyo kwa muda. Halafu mwepesi unabaki peke yake, tena alfajiri. Pampu inatuma taarifa yake kama inavyotuma kila siku: mtumiaji amebadilika, nguvu ya mvuto imepungua, madumu ni mawili, hakuna hitilafu.

Alipomaliza kusoma "hakuna hitilafu" alikunja karatasi haraka na kukaa. Wasichana wawili walikuwa wanafuta macho. Hajaandika neno ugonjwa, wala kifo, wala mama, wala yatima. Pampu haiyajui maneno hayo. Mwandishi amekubali kubaki na ujinga wa msimulizi wake mpaka mwisho, hakumchokoa, hakumsaidia, na kwa sababu hiyo sisi ndio tuliobeba kila kitu. Nimefundisha muda mrefu, nimesahihisha insha nyingi zenye machozi, jeneza na methali tatu. Hakuna hata moja iliyofikia nusu ya taarifa ile ya pampu.

Tangu siku hiyo ninaposahihisha, hata insha za kawaida za mtihani, nauliza pembeni kwa kalamu nyekundu: huyu amejuaje? Wanalichukia swali hilo mwanzoni. Wakilizoea, uandishi wao unabadilika, wanaacha kumwaga hisia na kuanza kutazama. Na naona linawafuata nje ya darasa la fasihi. Wakisimuliana ugomvi uliotokea bwenini, kuna mmoja lazima atauliza: wewe ulikuwa umesimama wapi?

Hivi sasa wanaandika hadithi ya pamoja. Msimulizi ni treni ya umeme inayokwenda Dar es Salaam, ile iliyoanza kutufikia Dodoma mwaka 2024, ila yao ni ya miaka hamsini ijayo, inajiendesha na kujifikiria. Wamekubaliana kwamba haiwajui abiria kwa sura bali kwa uzito, na kwamba Kilosa kwake ni mteremko na kona kabla ya kuwa mji. Wamekwama kwenye jambo moja, na limewagawa vibaya: treni yenye mabehewa isimulie kwa "mimi" au kwa "sisi"? Upande wa "mimi" unasema kichwa ni kimoja, umeme ni mmoja, nafsi ni moja. Upande wa "sisi" unawatajia meli ya Leckie na mbu wa Serpell. Nimewaambia wataamua wenyewe, lakini waliponiomba kura yangu niliitoa. Nimechagua "sisi", kwa sababu ikiwa "mimi", siku behewa moja litakapofunguliwa na kuachwa kituoni msimulizi atakuwa amepunguza mzigo tu. Ikiwa "sisi", itabidi waandike lile behewa linasema nini, na nani atakuwa anasikiliza.